Soba hausi wamemnyang'anya vidonge, hospitali wanasema aache unga kwanza. Tuanzie wapi?

Shikamoo Mama Mshauri,

Naishi Tandika, Dar es Salaam, nina miaka 34. Nakuandikia kuhusu mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, ana miaka 27. Maji yamenifika shingoni.

Bangi alianza kuvuta akiwa kidato cha pili. Baba alipofariki akaacha shule, tukachanga tukamnunulia pikipiki, akawa bodaboda. Kijiweni ndiko walikomfundisha kokteli, unga na bangi kwenye sigara moja, baadaye ikawa unga mtupu. Pikipiki iliuzwa na hela hatukuiona.

Hayo tulishayazoea. Kilichotuvunja nguvu kilianza mwaka jana, aliposema kuna watu wanaongea ndani ya feni. Akaing'oa. Akaziba matundu yote ya soketi chumbani kwake kwa jojo alizotafuna. Runinga kaifunika kwa kanga ya mama. Chakula cha nyumbani hali, anasema kimewekwa kitu, anataka cha dukani na afungue mwenyewe.

Tulimpeleka hospitali moja, wakampa vidonge na sindano ya kila mwezi. Alitulia, akawa hata anafagia uwanja. Lakini siku ya pili baada ya sindano, shingo ilimpinda ikabaki inaangalia ukutani, taya limekaza, ulimi nje. Majirani wakajaa, kila mtu anasema jini. Tangu siku hiyo sindano haitaki. Akarudi kwenye unga, na tulipomrudisha kliniki tukajibiwa pale dirishani: "Huyu bado anatumia. Aache kwanza ndiyo mmlete, hapa tunapoteza dawa."

Nikakopa kwenye vikoba, tukampeleka soba hausi moja, nyumba ya kuwasaidia waraibu kuacha, nje ya mji. Getini wakamkagua, wakachukua vidonge vyote. "Humu ndani dawa ni dawa, hatupokei kidonge chochote." Wiki ya tatu sauti zikarudi kwa nguvu. Akaruka ukuta usiku, akaja nyumbani kwa miguu, nyayo zimechanika. Tulipowapigia simu wakasema huyu ni mgonjwa wa akili, mpelekeni hospitali kwanza.

Sasa yuko nyumbani. Mama anampa shilingi elfu tatu kila asubuhi ili asiibe kwa watu. Siku hizi anameza na Valium, vile vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi, za kununua mtaani, kila siku. Juzi aliniambia, "Dada, nikivuta ndiyo wananyamaza." Mjomba anataka afungwe mnyororo chumbani mpaka arosto, yale mateso ya kukosa unga, impite. Mama anataka kisomo. Shangazi anasema aozeshwe, akipata mke atatulia. Na mimi nina watoto wawili nyumba hiyo hiyo.

Kipi kitangulie, mama, unga au kichwa?

Dada wa Tandika

*

Marahaba, mwanangu.

Hakuna kinachotangulia. Vyote viwili vinatibiwa wakati mmoja, na ikiwezekana na watu wale wale. Aliyekwambia dirishani mmlete akishaacha alikosea, na aliyechukua vidonge getini alikosea zaidi. Mmepigwa danadana, na kila mliporudishwa nyumbani, ugonjwa uliendelea kumla mtoto.

Sisemi hivi kwa kukuonea huruma tu. Mwaka 2011 taasisi ya NICE, inayoandaa miongozo ya tiba Uingereza, iliandika wazi kwamba mtu mwenye saikosisi, yaani ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo kama huu wa mdogo wako, asinyimwe huduma ya akili kwa sababu anatumia dawa za kulevya, na asinyimwe huduma ya uraibu kwa sababu ana saikosisi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mhGAP kwa ajili ya nchi zenye madaktari bingwa wachache kama yetu, limeweka saikosisi, sonona, pombe na dawa za kulevya ndani ya kitabu kimoja, ili mhudumu wa kituo cha kawaida ayashughulikie yote kwa mgonjwa mmoja.

Rudi kwenye yale maneno yake, "nikivuta ndiyo wananyamaza." Nimefanya kazi ya uuguzi wodi za akili, na maneno hayo nimeyasikia kwa vijana wengi. Hakudanganyi. Heroini, yaani huo unga, inapooza mwili na akili pamoja, na kwa saa chache yale makelele yanakaa mbali. Kisha inaisha, arosto inaingia, miayo, makamasi, tumbo, mifupa inauma, usingizi hakuna, na mtu asiyelala sauti humpata vizuri zaidi. Kwa hiyo ukimwondolea unga bila kuzitibu sauti, umemwacha na sauti peke yake. Ukizitibu sauti bila kumtuliza arosto, kesho asubuhi ataamka anatafuta kete na kidonge atakisahau mezani. Ndiyo maana jaribio la kwanza lilivunjika na la pili likavunjika vilevile.

Hapa kuna jambo ambalo nyumbani kwenu nadhani mmelipita haraka. Barua yako yote inauogopa unga. Bangi umeitaja mara mbili, kama kitu kilichopita. Kwa upande wa sauti na hofu ya kuwekewa kitu kwenye chakula, bangi ndiyo ninayoiogopa zaidi. Unga kwa kawaida haumfanyi mtu asikie watu ndani ya feni. Bangi inaweza, hasa kwa aliyeanza akiwa mdogo na akavuta kila siku, na kwa mwenye ugonjwa wa akili tayari huurudisha hata akiwa anameza dawa vizuri. Familia nyingi zikiona kijana kaacha unga na "anavuta bangi tu", zinapumua. Msipumue hapo. Mwambieni daktari bangi anavuta kiasi gani na mara ngapi, msione aibu.

Daktari atataka kujua kama sauti zinaletwa na anachovuta au ni ugonjwa unaosimama wenyewe, na hili wewe unaweza kumsaidia kuliko kipimo chochote. Chukua daftari. Andika kwa miezi: lini alianza bangi, lini unga, lini Valium, lini feni, lini sindano, lini alikuwa hatumii kitu kabisa na siku hizo sauti zilikuwaje. Saikosisi iliyoletwa na dawa za kulevya mara nyingi hupungua ndani ya siku au wiki chache baada ya kuacha, na ikizidi mwezi daktari huanza kufikiria ugonjwa mwingine. Wewe umeniandikia kwamba kule soba hausi, wiki ya tatu, sauti ziliongezeka, na vidonge walishavichukua. Siwezi kumpima mtu kwa barua, lakini hilo ni la kumweleza daktari kabla ya mengine yote.

Sasa methadoni. Ni dawa ya majimaji, ya kundi moja na heroini, ila inakaa mwilini zaidi ya siku nzima na ikipimwa sawasawa haimleweshi mtu. Anaenda kliniki kila siku, anakunywa kikombe chake mbele ya mhudumu, anarudi nyumbani. Arosto inakaa kimya. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na wewe uko Tandika, Temeke ni pua na mdomo. Haiuzwi, ni bure. Kuna mashirika ya jamii yanayofanya kazi vijiweni na waraibu, na mara nyingi hao ndio wanaomwandaa mtu na kumfikisha kliniki. Kama hujui pa kuwapata, piga 119, simu ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uulize kuhusu tiba. Usiogope kwamba unamshitaki ndugu yako.

Utasikia watu wakisema anabadilishiwa unga kwa unga mwingine. Wajibu hivi: anayetumia unga anaamka anawaza pesa, muuzaji, polisi na sindano ya nani. Anayekunywa methadoni anaamka anawaza daladala. Huo muda na utulivu alioupata ndio unaoipa dawa ya akili nafasi ya kufanya kazi. Na kwa kuwa anakwenda kila siku kwenye dirisha moja, uliza kama kidonge cha akili kinaweza kutolewa hapo hapo, akimeze na kikombe chake, kama wanavyosimamiwa watu wenye kifua kikuu. Ningependa sana ulipiganie hilo. Kijana anayeogopa kuwekewa kitu kwenye chakula hatameza kidonge alichopewa na mama yake jikoni, lakini anaweza kumeza kile anachokiona kikitolewa kwenye kopo mbele ya wenzake.

Methadoni haitibu bangi, na sauti haizigusi. Kwa hiyo anayeitoa na anayetibu kichwa lazima wajuane. Kuna dawa ya akili inaitwa kabamazepini, wengi hupewa kwa kifafa au kutuliza hisia zinazopanda na kushuka. Inaishusha methadoni mwilini. Mtu anaanza kutetemeka na kupiga miayo kabla kikombe cha kesho hakijafika, anarudi kijiweni, na nyumbani wanasema ni mkaidi. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya vivyo hivyo. Haloperidoli na methadoni zote zinaweza kuvuruga umeme wa moyo na mapigo yake, ndiyo maana daktari anaweza kutaka kipimo cha umeme wa moyo. Haya yote yanarekebishika, dozi inapandishwa au dawa inabadilishwa, ila ni kama kila mmoja anajua mwenzake kaandika nini. Mpaka waanze kuongea wenyewe, daftari lako ndilo litakalowaunganisha. Bandika ndani yake makaratasi yote ya dawa.

Shingo iliyopinda haikuwa jini. Ni dawa ile ya sindano. Inawapata zaidi vijana wa kiume, siku za mwanzo, na inatisha sana kuitazama, lakini ipo sindano ya kuilegeza ndani ya muda mfupi na kipo kidonge cha kuizuia, benzhexol. Mlipaswa kuambiwa mapema. Mueleze mdogo wako hivyo, taratibu, maana nina hakika hajui na anaamini sindano ilitaka kumuua. Kisha muombeni daktari dawa nyingine au dozi nyingine, kama olanzapini, ambayo shingo haiipindi kwa wingi hivyo. Na benzhexol itunze wewe mwenyewe, kwa sababu nayo vijiweni wanaimeza kwa kulewa.

Valium ndiyo inayonikosesha raha katika barua yako. Heroini mtu akiikatisha ghafla atateseka, lakini kwa kawaida haimuui. Valium anayoimeza kila siku ikikatishwa ghafla inaweza kumletea degedege na kuchanganyikiwa, akafa. Pombe ni vilevile. Huo mnyororo wa mjomba, basi, mbali na kwamba ni ukatili, unaweza kumuua mtoto chumbani huku nyinyi mkisikia makelele mkidhani ni arosto. Mwambie mjomba neno hili kwa heshima lakini mwambie lote. Valium hupunguzwa kidogo kidogo na daktari. Tena Valium pamoja na unga, au pamoja na methadoni, inasimamisha pumzi, kwa hiyo kliniki lazima waambiwe siku ya kwanza. Akificha akaanza methadoni, hatari ni yake.

Jambo jingine la kuwa macho nalo: baada ya zile wiki za soba hausi, mwili wake ulishapoteza uzoefu. Kiwango alichokuwa anakimudu zamani sasa kinaweza kumzidi. Wengi hufa hivyo, siku chache baada ya kutoka soba hausi au gerezani. Ukimkuta amelala haamki, anakoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi, mboni zimekuwa ndogo kama nukta, mlaze ubavu, usimwache peke yake, na akimbizwe hospitali mkiwaambia wazi ametumia nini. Ipo dawa ya kumrudisha, nalokseni, na inafanya kazi ikiwahi.

Kuhusu soba hausi kwa ujumla, sitaki uondoke na chuki. Nimeona vijana waliosimama kwa sababu ya nyumba hizo, wakiamshwa na kutiwa moyo na mtu aliyepita njia ile ile. Lakini "dawa ni dawa" ni msemo mbaya. Wanaousema wanadhani wanafuata hatua 12 za Alcoholics Anonymous, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, wakati chama hicho, kilichoanza Marekani mwaka 1935, kinawaambia wanachama wake wasijifanye madaktari na wasimwambie mwenzao aache dawa alizoandikiwa. Siku mkifikiria nyumba nyingine, kabla ya kutoa senti ulizeni nani anatunza vidonge vya wagonjwa, kama wana daktari au muuguzi wa akili anayefika, na wakati wa sauti wanafanya nini. Wakijibu kwamba wanamfunga, au wanamwagia maji, geuzeni.

Hospitalini, ukijibiwa tena "aache kwanza", usigombane dirishani. Omba ofisi ya ustawi wa jamii, eleza kwamba una mgonjwa mwenye magonjwa mawili na unaomba apangiwe tiba ya pamoja, barua ya rufaa iandikwe. Afisa ustawi akinyanyua simu, milango iliyofungwa hufunguka. Mahali kama Muhimbili, au Kidongo Chekundu kwa wenzetu wa Zanzibar, methadoni na tiba ya akili ziko kwenye uzio mmoja, na Dodoma kituo cha Itega kiko chini ya hospitali ya Mirembe. Ukiwa na rufaa, tumia hilo.

Mama na kisomo chake, mwache asome. Dua haigombani na kidonge, na mtoto anayesikia mama yake akimwombea hapotezi kitu. Sharti liwe moja tu, mtu yeyote atakayesema dawa isimamishwe ndiyo kisomo kifanye kazi, huyo msirudi kwake.

Zile elfu tatu simlaumu mama kuzitoa. Anajua kijana akiiba Tandika anaweza kuchomwa moto. Akishaandikishwa kliniki, hela ile ile igeuzeni nauli na chai, na mtu amsindikize wiki za mwanzo. Wengi hawaachi methadoni kwa kuichukia, wanaiacha kwa kukosa nauli au kwa sababu safari ya kila siku imewachosha. Akiteleza akavuta, na huenda akateleza, arudi kliniki siku hiyo hiyo na dawa ya akili aendelee nayo. Kuteleza ni sababu ya kuangalia dozi upya. Hii ni kazi ya miezi mingi, pengine miaka, na utaona mabadiliko madogo kwanza: amekula ugali wa mama, ameitoa ile kanga kwenye runinga.

Watoto wako walale chumba kingine, na visu visikae wazi. Muulize waziwazi zile sauti zinamwambia nini, na kama amewahi kuwaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, mara nyingi kunampunguzia mzigo. Akikwambia zinamwamuru kumdhuru mtu au kujidhuru, hapo hamsubiri Jumatatu wala rufaa, ni dharura ya usiku huo huo. Na wewe tafuta mmoja katika ukoo wa kupokezana naye, hata kama ni huyo mjomba. Mpe kazi ya kumsindikiza kliniki, ataacha kuwaza minyororo.

La shangazi nimeliacha mwisho kwa sababu najua litaletwa tena kwenye kikao. Hapana, asiozeshwe. Ndoa haitibu saikosisi wala uraibu, na kuna binti wa watu ataingizwa kwenye chumba chenye soketi zilizozibwa bila kuambiwa kitu. Akishakaa sawa, akataka mwenyewe, na huyo binti na wazazi wake wakaelezwa yote bila kufichwa, shangazi atakuwa wa kwanza kuitwa kwenye kupeleka posa.